Nota zinaonekana, sauti haipo: kurekodi kinanda kwenye kompyuta

Karibu kila mwezi napokea ujumbe wa namna hii kutoka kwa mpiga kinanda mmoja au mwingine: "Kaka, nimechomeka kinanda kwenye kompyuta kwa waya ule wa printa. Nimebonyeza kitufe chekundu, nimepiga wimbo mzima, na kwenye skrini naviona vimstari vimejichora. Nikirudisha nisikilize, kimya." Mwingine analalamika kivyake: sauti inatoka, ila siyo aliyoipiga. Alipiga fidla nzito za kinanda chake, kompyuta ikamrudishia sauti nyembamba kama ya mchezo wa watoto.

Hawa wawili hawakukosea kuchomeka, wala vinanda vyao si vibovu. Wamerekodi, na kurekodi kumefanikiwa. Tatizo ni kwamba walichorekodi sicho walichodhani wanarekodi.

Neno "kurekodi", likija kwenye kinanda cha kisasa, limebeba kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ukizitenganisha kichwani kabla hujagusa waya, robo tatu ya matatizo ya mwanzoni yanaondoka yenyewe. Usipozitenganisha utanunua waya juu ya waya, na kila fundi mpya atakupa ushauri unaopingana na wa jana, kwa sababu mmoja anazungumzia kazi hii na mwenzake ile.

Chukua shairi. Malenga akilighani mbele ya kinasa sauti, kinachobaki kwenye kanda ni yeye mwenyewe: koo lake, pumzi zake, hata jogoo aliyewika uani. Akiliandika kwenye karatasi, karatasi haina sauti. Ina maneno, vina na mizani, na atakayeiokota ataghani kwa koo lake na mahadhi yake. Kwenye karatasi unaweza kufuta neno moja ukaweka jingine bila kuharibu ubeti. Kwenye kanda, neno limeshatoka.

Kinanda chako kinaweza kuipa kompyuta kanda, na kinaweza kuipa karatasi. Kanda ni sauti. Karatasi ndiyo inayoitwa MIDI.

Ukibonyeza E iliyo juu kidogo ya katikati ya kinanda, upande wa MIDI hautoi mlio wowote. Unatoa namba: nota ya 64 imebonyezwa, kwenye chaneli ya 1, kwa nguvu ya 97. Ukiachia, namba nyingine zinasema nota ya 64 imeachiwa. Ukikanyaga pedeli, namba. Ukigeuza gurudumu la kupindisha sauti, namba. Nota zinahesabiwa 0 hadi 127, nguvu ya mkono vivyo hivyo, na chaneli ziko 16. Hakuna mahali popote kwenye namba hizo palipoandikwa fidla inaliaje. Vile vimstari alivyoviona ndugu yetu kwenye skrini ni hizo namba zimechorwa, na namba hazilii mpaka apatikane wa kuzighani.

Utaratibu huu si mgeni. Ulioneshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya ala za muziki ya NAMM kule California, Marekani, pale Prophet-600 ya kampuni ya Sequential Circuits ilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland, kinanda kimoja kikapigwa na kingine kikaitika. Waliosukuma jambo hilo, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walikuja kupewa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Miaka mitano baada ya maonyesho yale, 1988, Korg ikatoa M1, kinanda kilichozifanya sauti, ngoma, mwangwi na sikwensa ya kupangia wimbo mzima vikae ndani ya boksi moja na kuuzwa kwa wingi. Hapo ndipo neno wekisteshini lilipozoeleka. Jamaa yake wa karibu, ambaye ndiye aliyejaa makanisani na kwenye kumbi za harusi kwetu, ni kile kinanda chenye staili: unashika nota tatu kwa mkono wa kushoto, nacho kinakupigia ngoma, besi na gitaa. Kwa habari ya kurekodi wote wawili wana tabia zilezile, na hapa nitawaita wote kinanda.

Geuza kinanda uangalie mgongo

Kuna tundu la USB la mraba, lililoandikwa USB TO HOST au maneno yanayofanana na hayo. Ndilo linalopokea waya wa printa. Kwenye vinanda vingi tundu hili linapitisha MIDI peke yake, yaani karatasi tu. Kwa hiyo ukichomeka waya huo na kutarajia sauti, unatarajia usichoahidiwa.

Vipo vinanda ambavyo tundu hilohilo linapitisha na sauti pia. Yamaha MODX ya 2018 inapeleka kwenye kompyuta njia kumi za sauti kwa waya mmoja. Roland FA-06 na FA-08 zinapitisha sauti. Hata PSR-E463, ambayo ni kinanda cha bei ya chini, inapitisha. Namna ya kujua chako kiko kundi gani ni kufungua kitabu chake cha maelezo na kutafuta maneno "USB audio". Yakiwapo, umepunguziwa nusu ya safari. Usiamini muuzaji kwenye hili. Wengi wao wakiulizwa kama USB inarekodi wanajibu ndiyo, na kwa maana ya karatasi hawajadanganya.

Lile tundu bapa la USB TO DEVICE ni la flashi. Liache hapo kwanza, tutalirudia.

Kisha kuna matundu makubwa ya jeki, L/MONO na R, na la hedifoni. Haya ndiyo yanayotoa sauti yenyewe. Kwenye vinanda vya zamani utakuta pia matundu ya duara yenye vishimo vitano, MIDI IN na MIDI OUT. Hayo ni ya karatasi, na waya wake unavuka: OUT ya kinanda inakwenda IN ya upande wa kompyuta. Nyaya za bei nafuu zina vichwa vilivyoandikwa IN na OUT bila kusema ni IN ya nani, kwa hiyo usipopata kitu, badilisha vichwa kabla hujaurudisha dukani.

Kuchukua sauti

Njia rahisi kuliko zote haihitaji kompyuta wakati wa kupiga. Vinanda vingi vya miaka ya karibuni, zikiwamo baadhi ya PSR za Yamaha na Pa za Korg, vinarekodi sauti moja kwa moja kwenye flashi. Unachomeka flashi kwenye lile tundu bapa, unapiga, unachomoa, unanakili faili kwenye kompyuta. Hakuna mvumo wa umeme, hakuna draiva, hakuna kuchelewa. Nashangaa jinsi watu wanavyoiruka njia hii kana kwamba ni ya aibu. Kama lengo lako ni kuwa na wimbo wa kwaya uliopigwa vizuri mara moja, mwanzo hadi mwisho, ifuate na uishie hapo.

Lakini kama unataka kuimbia juu yake, kuongeza gitaa, au kupanga traki moja moja, itabidi waya utoke kwenye L na R uingie kwenye kompyuta. Na hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu ya tundu dogo la pembeni mwa kompyuta mpakato.

Kompyuta mpakato nyingi za sasa zina tundu moja tu, la hedifoni na maikrofoni kwa pamoja, na kichwa kinachofaa maikrofoni yake kina mapete matatu. Waya wa kawaida wa kuunganishia simu na redio una mapete mawili. Ukiuchomeka, kompyuta inasema moyoni: hii ni hedifoni. Haifungui mlango wa maikrofoni kabisa. Kisha programu ya kurekodi, kwa kuwa haijaona kingine, inafungua maikrofoni ndogo iliyo juu ya skrini. Unarekodi, unasikia kinanda kwa mbali, pamoja na feni, pikipiki ya barabarani na mama anayeita watoto waje kula. Mtu anasema "kinanda changu kinarekodi vibaya". Hakikurekodiwa. Kimesikika kikipiga chumbani, basi.

Hata ukilipata tundu la maikrofoni la kweli, ni la upande mmoja tu, si kushoto na kulia, na limetengenezwa kwa sauti dhaifu ya maikrofoni. Kinanda kinatoa sauti ya kiwango cha laini, ambayo ina nguvu mara nyingi zaidi. Ni kama kuelekeza bomba la zimamoto kwenye kikombe cha kahawa.

Suluhisho ni kadi ya sauti ya nje, kile kiboksi kinachokwenda kwenye USB. Usinunue kwa kuangalia jina pekee, angalia matundu. Kinanda ni stirio, kwa hiyo unahitaji matundu mawili yanayofanana, yote yenye uwezo wa kupokea laini. Behringer UM2 na UMC22 ni nafuu na zimeenea, lakini tundu la kwanza ni la maikrofoni au laini na la pili ni la gitaa. Kushoto na kulia vitaingia kwa tabia mbili tofauti. UMC202HD ya kampuni ileile, au Focusrite Scarlett 2i2, zina matundu mawili pacha. Kama una kinanda, hiyo tofauti ndiyo unayoilipia.

Ukishakuwa nayo, jeki moja kutoka L/MONO iingie tundu la 1, nyingine kutoka R iingie tundu la 2, vitufe vya pembeni viwe LINE (laini) na si INST (gitaa), na kile kitufe cha 48V kizimwe, maana hicho ni cha maikrofoni za studio. Una waya mmoja tu? Tumia L/MONO. Tundu hilo likiwa peke yake, kinanda chenyewe kinakusanya pande zote mbili na kuzipitisha hapo. Ukitumia R peke yake unapata nusu ya sauti, na kwenye piano ya stirio utashangaa kuona vibonye vya upande mmoja vinafifia.

Kuna kosa jingine la waya ningependa kulitaja kwa sababu lilinipotezea jioni nzima nilipokuwa naanza. Kinanda changu cha kwanza kilikuwa na tundu la hedifoni tu, hakina L wala R. Nikachukua waya wenye vichwa vikubwa vya stirio pande zote mbili, nikatoa kwenye hedifoni nikaingiza kwenye tundu moja la kadi. Nikasikiliza: mwangwi upo, fidla za pembeni zipo, lakini besi na kiki, ile ngoma nzito ya chini, vimetoweka. Nilidhani kinanda kimekufa. Kumbe tundu la kadi linasoma kichwa cha aina hiyo kama waya mmoja wenye sauti na kivuli chake, na kazi yake ni kutoa kimoja kutoka kwa kingine ili kuondoa kelele. Kushoto ukitoa kulia. Chochote kilicho sawa pande zote, na besi na kiki huwa katikati, hesabu yake ni sifuri. Dawa ni waya wa matawi mawili: kichwa kimoja cha stirio upande wa hedifoni, vichwa viwili vya mono upande wa kadi.

Baada ya waya, kiwango. Pandisha sauti ya kinanda karibu robo tatu, kisha zungusha kitufe cha kadi taratibu huku ukipiga sehemu yenye fujo kuliko zote kwenye wimbo, siyo ile ya utangulizi. Mshale wa programu uruke mpaka karibu desibeli 12 chini ya sifuri, ukizidi sana ufike 6 chini. Sifuri ni ukuta. Kwenye kanda za zamani sauti ikizidi ilinenepa kidogo, na wengine waliipenda hivyo. Kwenye kompyuta inakatwa kichwa, na hakuna programu itakayokirudisha. Ukirekodi kwa biti 24, ambayo kadi ya maana yoyote inaweza, hakuna sababu ya kukaribia ukuta. Kuhusu 44.1 au 48, yaani ni maelfu mangapi ya sampuli (vipimo vya sauti) kompyuta inachukua kila sekunde, chagua moja ubaki nayo kwenye kazi nzima. Mimi natumia 44.1 kwa nyimbo na 48 ikiwa kuna video.

Sasa uchelewaji, ugonjwa ambao watu huutibu bila kuugua. Kompyuta inapokea sauti kwa mafungu, yanayoitwa bafa. Fungu la sampuli 256 kwa 44.1 ni milisekunde 5.8. La 1024 ni milisekunde 23, na sauti ikiingia na kutoka unalipa mara mbili. Ukijisikiliza kupitia kompyuta kwa bafa kubwa, kidole kinatangulia na sauti inafuata, mdundo unakuvuruga. Watu hushinda kutwa wakipunguza bafa mpaka sauti inaanza kukwaruza. Lakini unayerekodi sauti ya kinanda una sababu gani ya kujisikiliza kupitia kompyuta? Kinanda kinalia chenyewe! Washa kwenye kadi kile kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, zima usikilizaji wa kwenye programu, uache bafa iwe kubwa inavyotaka. Ukiwasha vyote viwili utasikia kila nota mara mbili, kama mtu anayeimba bondeni.

Mvumo je? Ule "mmmm" wa chini unatoka kwenye umeme wa ukutani, ambao kwetu unapiga mara 50 kwa sekunde. Wenye masikio ya nota wataugundua: uko juu kidogo ya G ya chini kabisa ya piano, ambayo ni 49. Mara nyingi unaletwa na chaja ya kompyuta na adapta ya kinanda kukutana kupitia waya wa sauti. Chomoa chaja urekodi kwa betri uone. Ukinyamaza, umempata mhalifu. Chomeka vyote kwenye kiendelezi kimoja, au tafuta kiboksi cha DI, kinachokaa kati ya kinanda na kadi, chenye swichi ya kukata njia ya ardhi upande wa sauti. Kukata pini ya ardhi ya plagi ya umeme, kama mafundi wengine wanavyoshauri, usithubutu. Hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe shoti.

Kuchukua karatasi

Turudi kwa yule wa kimya na yule wa sauti nyembamba.

Wa kimya ana traki yenye namba na hakuna mghani. Anachotakiwa kufanya ni moja kati ya mawili: aweke kwenye traki hiyo ala ya ndani ya kompyuta, au aielekeze traki irudishe namba kwenye kinanda kupitia waya uleule wa USB, ili kinanda kizighani upya. Wa sauti nyembamba ana mghani, ila si aliyemtaka. Windows ina ala yake ndogo ya siku zote, Microsoft GS Wavetable Synth, na programu nyingi zikikosa maelekezo zinaikabidhi kazi hiyo. Inaitika amri, haina koo.

Ukielekeza namba zirudi kwenye kinanda, jiandae kwa mtego maarufu. Unabonyeza kibonye kimoja, kinanda kinalia mara moja kwa kidole chako, kisha namba inakwenda kwenye kompyuta, inarudi, na kinanda kinalia tena. Nota mbili zinapandana kwa tofauti ndogo sana, sauti inakuwa kama inatokea ndani ya pipa, na kwenye nyimbo nzito nota nyingine zinakatika kwa sababu kila moja inahesabiwa mara mbili. Ingia kwenye mipangilio ya kinanda utafute LOCAL CONTROL, iweke OFF. Hapo vibonye vinaongea na kompyuta tu, na sauti inasubiri amri kutoka huko. Ukimaliza kazi irudishe ON. Nimewahi kuitwa alfajiri ya Jumapili kuokoa kinanda cha kwaya "kilichokufa ghafla". Kijana alikuwa amerekodi Jumamosi usiku akasahau LOCAL.

Faida ya karatasi ni kubwa. Nota iliyokosewa unaisogeza kwa kipanya. Mdundo uliopepesuka unaunyoosha. Wimbo wa B bapa unaushusha hadi G kwa ajili ya mwimbaji mwenye mafua, bila sauti kuharibika. Lakini rekodi ukifuata mdundo wa kuhesabia wa programu yenyewe, ama sivyo mistari ya skrini na mapigo yako havitakutana, na hicho kitufe cha kunyoosha kitanyoosha kuelekea mahali pasipo.

Na staili za kinanda, zile ngoma na gitaa za kujipiga, zinaweza kurekodiwa kama karatasi? Zinaweza, kila ala kwenye chaneli yake. Ila sikiliza kwa makini ukizipa ala za kompyuta. Kwenye vinanda vya Yamaha vyenye zile sauti za gitaa ziitwazo Mega Voice, nguvu ya bonyezo haisemi tu kelele au taratibu: kiwango fulani cha namba ni uzi uliozibwa, kingine ni kidole kinachoteleza, na nota za juu kabisa ni mikwaruzo ya vidole na kugonga mbao. Gitaa la kawaida la kompyuta halijui siri hiyo. Litazipiga zote kama nota, utasikia vilio vya ajabu huko juu, na kosa si la mtu. Staili za namna hiyo ziache ziimbwe na kinanda kilichozizaa, uchukue sauti.

Wapiga taarabu wana sababu yao ya ziada ya kuwa waangalifu, na sijaona wengi wakiambiwa mapema. Taarabu ya Unguja ilichota maqamu, ile mipangilio ya nota ya Kiarabu, kutoka Misri, na baadhi ya maqamu hayo yana nota zinazokaa katikati ya vibonye, zile robo sauti ambazo udi na fidla huzipata kwa kidole tu. Kinanda kinazipata kwa mpangilio wa ndani: unakiambia E yako ishuke kidogo, nacho kinaishusha. Lakini kumbuka namba inayotoka kwenye MIDI. E iliyoshuka ni nota ya 64. E isiyoshuka ni nota ya 64. Kushuka kwenyewe kumefanyika ndani ya kinanda, baada ya karatasi kuandikwa. Ukighani karatasi hiyo kwa ala ya kompyuta iliyopangwa kizungu, wimbo unarudi umenyooshwa, na msikilizaji wa Tanga au Mombasa atajua kuna kitu kimeibwa hata kama hawezi kukitaja. Kwa taarabu, basi, hakikisha una kanda. Karatasi iwe ya akiba.

Ninavyofanya mwenyewe

Sichagui. Narekodi vyote viwili kwa wakati mmoja: waya wa printa kwenye traki moja, jeki mbili kwenye traki nyingine. Programu ya kurekodi iitwayo Reaper inafanya hivyo bila shida, na unaijaribu siku 60 kabla ya kuombwa ulipie. Cubase AI huja na vinanda vingi vya Yamaha, na watu wanaiacha bila hata kuigusa. Wenye Mac wana GarageBand. Audacity ni ya bure na nzuri kwa sauti, lakini usiitarajie irekodi MIDI.

Nikipiga vizuri, sauti iliyonaswa ndiyo inayobaki. Nikikosea nota mbili, narekebisha kwenye karatasi, naielekeza irudi kwenye kinanda, kinanda kinajipiga chenyewe huku mimi nakunywa chai, na jeki zinanasa sauti upya.

Njia hiyohiyo ndiyo inayotenganisha ala za kinanda chenye L na R tu. Wimbo uliopangwa kwenye sikwensa ya ndani unaufanya ufuate mwendo wa kompyuta, kinanda kikiwekwa kwenye saa ya nje (external clock), kisha unanyamazisha sehemu zote isipokuwa moja na kuinasa. Besi peke yake, mwangwi ukiwa umezimwa kabisa. Kisha kiki na ngoma. Kisha fidla, pamoja na mwangwi wake kama unaupenda. Wimbo wa dakika 4 wenye sehemu 8 utakula dakika 32 za kunasa tu, mbali na kuhangaika. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayofanya besi isikike kama besi ukifika kwenye kuchanganya. Aliyenasa vyote kwa pamoja hawezi kuipandisha besi bila kupandisha na piano.

Kabla ya hayo yote hifadhi wimbo ulio ndani ya kinanda. Wekisteshini za zamani kama Korg Triton na Yamaha Motif zinafuta sikwensa nzima zikizimwa kabla hujahifadhi, na umeme wa kwetu hauombi ruhusa. Kompyuta mpakato ina betri, wekisteshini hizo hazina. Vinanda vingi vya karibuni vya Yamaha vina na tabia ya kujizima vyenyewe visipoguswa kwa muda, mara nyingi nusu saa, kwa hiyo ukitoka kwenda kula, izime hiyo AUTO POWER OFF kwanza.

Kisha faili. Sauti ya stirio ya biti 24 kwa 44.1 inakula karibu megabaiti 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 unakaribia 80, na hiyo ni traki moja. Karatasi ya wimbo huohuo ni kilobaiti chache tu, inapita hata pale mtandao unaposuasua. Ndiyo maana mwenzako wa Nairobi anaweza kukutumia MIDI na kukuambia "weka sauti zako". Ukimtumia sauti kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, isiende kama ujumbe wa sauti, kwa sababu huko inabanwa mpaka matoazi yanalia kama mvua juu ya bati. Na mwandikie pembeni kasi ya wimbo kwa namba. Faili ya WAV, yaani ya sauti isiyobanwa, haina kawaida ya kumwambia kama ni 96 au 97, na kwa tofauti ya pigo hilo moja kwa dakika, wimbo ukifika kiitikio cha pili, ngoma zake na zako zitakuwa zimeshaachana.